LISIUZWE KWA KILO

Najua wenzangu katika jarida hili wataandika juu ya nidhamu, dawa za kulevya na umuhimu wa Kiswahili, na hayo yote ni mambo mazito. Mimi nimechagua kuandika juu ya gari. Tena si gari jipya la mheshimiwa, la hasha! Ni Datsun 160J SSS ya mwaka 1976, yenye milango miwili na kabureta mbili, ambayo rangi yake ya machungwa imechujuka hadi ikafanana na udongo wetu wa hapa Chekalini. Ni mali ya mjomba wangu, ndugu wa mama.

Jambo lenyewe ni hili. Likizo ya Aprili alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake nyuma ya pikipiki. Akalizunguka gari, akaligonga ubavuni kwa ngumi kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha akataja bei ya kilo. Mjomba alimfukuza. Lakini mkazamjomba (neno hili tulifundishwa darasani na leo nimepata mahali pa kulitumia) hakumfukuza; alichukua nambari yake ya simu. Tangu siku hiyo familia imegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema gari hilo ni mke wa pili asiyepika, asiyelima na anayetaka kununuliwa vitu kila mwezi. Upande wa pili ni Mjomba peke yake. Mwezi wa nane kutakuwa na kikao cha jamaa, na mtoto wa Kidato cha Tatu haulizwi neno katika vikao kama hivyo. Ndiyo sababu nasemea hapa. Mimi niko upande wa Mjomba, ingawa si kwa kila jambo.

Wenzangu darasani huliita mkebe. Wao wanazimia Subaru zinazonguruma kwenye barabara kuu ya kwenda Malaba. Sina ubaya na Subaru. Hata Subaru Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae. Ila kipya kinyemi ingawa kidonda, na anayecheka Datsun ya zamani hajui anacheka nini. Safari Rally ilianzishwa mwaka 1953, na katika miaka ya sabini na mwanzo wa miaka ya themanini Datsun ndiyo iliyotamba. Datsun 240Z, gari la michezo halisi lenye pua ndefu na injini ya silinda sita, ilishinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Aliyeshinda mwaka huo wa 1973 ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyehamia kwetu Kenya. Mehta huyo huyo akashinda tena miaka minne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, kwa Datsun za aina ya Violet, ambazo nje ya Japani ziliitwa 160J. Naam, jina hilo hilo lililo nyuma ya mkebe wa Mjomba! Lake ni la toleo lililotangulia, lakini ni ukoo mmoja. Wazee wa hapa bado hulitaja neno "wani-siksti-jei" kwa heshima kama wanavyotaja jina la fahali aliyeshinda mapigano.

Na kama mtu atasema gari lililokwisha kutumika haliwezi kitu, hebu akumbuke Joginder Singh. Huyu alizaliwa Kericho mwaka 1932 na alikuwa fundi wa magari. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya hata kidogo. Ilikuwa imekwisha pigwa na mashimo ya mashindano ya mwaka uliotangulia. Wengine walikuja na magari mapya yanayong'aa, yakabaki kwenye matope. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeunda alikuwa anajua kila nati iliyo chini ya gari lake.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Watu wanafikiri Mjomba anafuga chuma. Mimi naona anafuga ujuzi. Yeye ni seremala, hakusomea umakanika mahali popote. Alilinunua gari hilo mwaka 2009 kwa bei ya ng'ombe wawili kutoka kwa mwalimu mstaafu huko Kitale, likiwa limelala chini ya mti na kuku wakitagia kiti cha nyuma. Yote anayojua ameyajua kwa kulala chali chini yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mjomba ameinama kweli kweli, hata mgongo unamuuma.

Nami nimejifunza kwa kumshikia tochi. Injini yake ni ya cc 1595, silinda nne, na kila kitu unakiona kwa macho. Hakuna kompyuta. Umeme wa plagi unapitia kwenye distributa, na ndani ya distributa kuna platini, vijimidomo viwili vya chuma vinavyofunguka na kufumba. Vikifunguka, mwanya wake uwe kama nusu milimita. Ukiwa mdogo sana au mkubwa sana gari linakohoa au halishiki kabisa. Unapima kwa vibati vyembamba vyenye nambari, unakaza skrubu, unapima tena. Tapeti nazo ni hivyo hivyo: injini ikiwa moto, za kuingiza hewa 0.25 na za kutoa moshi 0.30. Mwalimu wetu wa Fizikia alipofundisha cheche na koili nilikuwa nimekwisha kupigwa na koili yenyewe mkononi, kwa hiyo sikuhitaji kukariri.

Lakini kazi tamu kuliko zote ni kuzilinganisha zile kabureta mbili. Kila moja inalisha upande wake, na zisipovuta hewa sawa injini inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Kuna mzee mmoja huko Turbo, amepita miaka sabini, ambaye ndiye aliyemfundisha Mjomba. Mzee huyo hatumii chombo chochote ila kipande cha mpira mwembamba. Anatia ncha moja sikioni, ncha ya pili anaisogeza kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, anasikiliza mvumo. Kisha anakwenda ya pili. Anageuza skrubu kidogo, anarudi ya kwanza. Sote tunanyamaza. Mwishowe anatabasamu, anakupa mpira usikilize mwenyewe, na kweli, zinavuma sauti moja. Alinipa mimi ule mpira mara moja akasema, "Mama, wewe una sikio." Nilitembea hadi nyumbani nikiwa sigusi ardhi.

Sasa linganisha na gereji moja ya mjini ambako Mjomba alilipeleka gari mwaka juzi, yule mzee akiwa mgonjwa. Kijana wa pale aliinua bonneti, akatazama huku na huku, kisha akauliza kompyuta inachomekwa wapi. Hatukumcheka sana, maana magari aliyofundishwa yote yana mahali pa kuchomeka. Tatizo ni kuwa hakukiri kwamba hajui. Alifungua kabureta zote mbili, akachanganya jeti zake, na gari likarudi Chekalini likivutwa kwa kamba nyuma ya trekta, watoto wakilikimbilia wakiimba. Ilichukua Jumamosi tatu kulirudisha lilivyokuwa.

Yule mzee wa Turbo macho yake yameanza ukungu. Wanawe wako Nairobi na hakuna hata mmoja aliyeshika spana. Siku atakapoondoka, Mungu ampe maisha marefu, ataondoka na sikio lake. Halafu sisi tutasema magari ya zamani ni mabovu, kumbe yaliyokosekana ni mafundi. Shule yetu haina somo la ufundi wa mitambo. Lile banda la mabati la Mjomba ndilo darasa la pekee la namna hiyo ninalolijua kwa miguu kutoka hapa, na ada yake ni kushika tochi bila kutikisika.

Isitoshe, likiuzwa halirudi. Kanuni ya nchi yetu hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limezidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo magari ya namna hii ni yale yale yaliyobaki humu nchini, na kila linalokatwa kwa gesi ni moja limepungua. Kule Nairobi wenye nazo wanajua thamani yake. Tangu mwaka 1970 kuna maonyesho ya magari yaitwayo Concours d'Elegance, ambapo waamuzi huchungulia hadi chini ya gari kwa tochi kutafuta vumbi. Na tangu mwaka 2003 kuna Safari ya magari ya zamani, ambapo watu hutoka Ulaya na mamilioni yao kuja kupigwa vumbi na magari ya umri wa mjomba wangu. Yule Björn Waldegård aliyeishinda Safari yenyewe zaidi ya mara moja alirudi akashinda hiyo ya magari makuukuu mwaka 2011 kwa Porsche 911. Mzungu akitunza gari kuukuu anaitwa mpenzi wa historia. Mtu wa Chekalini akitunza lake anaitwa mwendawazimu. Kwa nini?

Ukweli lakini usemwe: mkazamjomba naye ana haki. Mjomba ana daftari la kurasa 96 anamoandika kila senti. Niliomba nilione. Mwaka jana gari lilikula shilingi 18,400, bila kuhesabu petroli. Kubwa lilikuwa klachi, ambayo spea yake ilitafutwa Eldoret siku nzima ikakosekana, ikaja kupatikana kwenye gari lililokufa. Bima kubwa kampuni nyingi hazitaki kuitoa kwa gari la umri huo, kwa hiyo likigongwa ni hasara yake. Na pesa hizo ni mbolea. Kwetu mtu akisema mbolea kila mtu anaelewa, maana bila mbolea hakuna mahindi, na bila mahindi hata shule ya kutwa kama yetu yenye pesa kidogo ya chakula cha mchana inakuwa mlima. Binamu yangu wa Kidato cha Nne alirudishwa nyumbani muhula wa kwanza siku mbili. Siku hizo mbili hata mimi sikupita karibu na banda.

Kwa hiyo siwezi kusema gari libaki hata watoto wakose karo. Nasema hivi: karo na mbolea zitolewe kwanza, hadharani, mkazamjomba akiwa ndiye mshika daftari. Kinachobaki, kama kinabaki, ndicho cha gari. Mwaka usio na kitu, gari lingoje. Chuma hakilii njaa. Mjomba akikubali hilo, sioni ugomvi unabaki wapi. Kuna waume hapa kijijini ambao shilingi 18,400 zao kwa mwaka zinapitia kooni na hakuna aliyeitisha kikao.

Kuna jambo la pili ambalo Mjomba hatafurahi kulisoma. Analiendesha kidogo mno! Analifunika turubai miezi miwili kwa kuogopa matope, na turubai linafungia unyevu ndani. Matope mekundu ya mwezi wa nne yanajificha kwenye mikunjo ya bodi juu ya magurudumu, na hapo ndipo kutu inapozaa. Tayari chini ya mlango wa kulia pana tundu la kupitisha kidole. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Petroli ikilala kwenye kabureta inaacha utando kama gundi, mipira inakauka na kupasuka, breki zinashikana. Gari la michezo liliundwa likimbie, si lipambe banda. Litolewe kila wiki, liende hata hadi stesheni ya Lugari na kurudi, kisha lioshwe chini kwa maji mengi kabla tope halijakauka. Kazi ya kuosha tutaifanya sisi vijana bila malipo, wasichana kwa wavulana. Nimeshapata watano.

Na badala ya Mjomba kulala chini ya gari peke yake kama mwizi, afungue banda Jumamosi mbili kwa mwezi, amlete yule mzee wa Turbo kwa bodaboda, nauli tutachanga. Nami nimeanza kuandika kila anachosema katika daftari langu, pamoja na michoro. Nimeshajaza kurasa 31.

Mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kuanzia Januari hadi mwisho wa Aprili kwa sababu ya wizi wa nguzo za umeme, na miezi hiyo Mjomba alilala usingizi mzuri. Siku hizi mnunuzi wa mizani anapita kila wiki. Kwa hiyo, msomaji, kama kwenu kuna Datsun ya aina hii iliyomezwa na nyasi, tafadhali usimwite yeye kwanza. Njoo Kidato cha Tatu uniulize. Tunatafuta kifuniko cha distributa kisicho na ufa, kioo cha mlango wa kushoto, na ile herufi ya kwanza ya SSS, maana letu sasa linasomeka SS tu.