Watoto 12 wa Texas

NENO LA JUMAMOSI
Na Mwanaidi Salim

Kila baada ya miaka michache huzuka hofu ile ile: kwamba Ritalin, dawa wanayopewa watoto wenye ADHD ili watulie na kukaza akili, inakata kromosomu na huenda ikaleta saratani. Ukifuatilia ilikoanzia, unafika Texas, mwaka 2005.

Watafiti wa huko walichukua damu ya watoto 12 kabla hawajaanza dawa, wakaichukua tena baada ya miezi mitatu. Seli nyeupe zikaoteshwa maabara hadi zikagawanyika, kisha zikatazamwa kwa hadubini na kuhesabiwa: kromosomu ngapi zimekatika, vipande vingapi vimebaki nje ya kiini. Kwa watoto wote 12, hesabu ilikuwa imepanda. Walifanya vyema kutangaza walichokiona. Lakini hapakuwa na kundi la watoto wasiotumia dawa la kulinganisha nalo, na watoto 12 hawajazi hata Hiace moja.

Wengine wakarudia kipimo. Wajerumani walichapisha matokeo yao 2007, hawakuona ongezeko. Mwaka 2008 Wamarekani walitoa majibu ya watoto 47, baadhi wakitumia methilfenideti, ambayo ndiyo Ritalin yenyewe, na wengine amfetamini, miezi mitatu vilevile. Hakuna kitu. Kwangu mimi, madai ya 2005 yameshindwa. Miezi mitatu si miaka kumi, hilo nakubali, na wanaomeza dawa hizi tangu darasa la kwanza hadi utu uzima wanastahili kufuatiliwa. Ila kutofuatiliwa si ushahidi wa saratani.

Kinachoniudhi ni kwamba kelele za kromosomu zinafunika madhara ambayo hayabishaniwi. Dawa hizi hukata hamu ya kula: mtoto anarudi jioni na kontena la chakula cha mchana halijaguswa. Huchelewesha usingizi, huongeza mapigo ya moyo na presha, na zinaweza kupunguza kasi ya kurefuka. Hayo hayahitaji hadubini. Yanahitaji mizani, futi ya kupimia urefu na mashine ya presha, vitu ambavyo zahanati nyingi zinavyo.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usimkatizie mtoto dawa kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp. Nenda kwa daktari aliyeiandika, umwulize mara ya mwisho alimpima mwanao uzito, urefu na presha lini. Akikosa jibu, hapo ndipo pa kugomba.