Nanga Haianzi na Karatasi

Wapo wadaio kuwa kijana wa Karagwe au Kyerwa hawi mwanamuziki mpaka ahitimu nota za Ulaya. Ajabu! Ligeti, bingwa wa Ulaya hiyohiyo, miaka ya 1980 alizisoma nota ambazo Simha Arom aliziandika kwa kuwasikiliza wapiga baragumu wa Afrika ya Kati, zikamfaa katika tungo zake za piano. Wanafunzi wa jazi nao humnakili Charlie Parker kwa sikio, pumzi kwa pumzi. Basi nanga ya Wanyambo, ugwe mmoja uliopitishwa mara kadhaa juu ya ubao, yastahili subira iyo hiyo: rekodi irudiwe mara ishirini, sikio lichoke, kisha kalamu. Atanguliaye na karatasi ataandika nanga iliyonyooshwa kwa kipimo cha piano, na mzee aliyeipiga hataitambua.