Mtoto akija na daftari la Fizikia, tusimfukuze



Leo tunaomba singo na udi visubiri kidogo, tuzungumze habari ya daftari. Mtoto wa kike wa kidato cha kwanza au cha pili anarudi skuli na maswali matano ya Fizikia na mengine ya Kemia. Anamwendea mama yake, anaambiwa, "Hayo mie siyajui, muulize kaka yako." Kaka yuko maskani, atarudi saa nne usiku. Anamwendea shangazi, ambaye cheti chake cha kidato cha nne kimo kabatini mpaka leo, naye anamjibu, "Nishasahau mwanangu, hebu nitwangie thomu hiyo." Asubuhi mtoto ananakili kwa mwenzake dakika tano kabla mwalimu hajaingia. Inakuwa hivyo mwaka mzima, na akifika kidato cha tatu anayaacha masomo hayo, watu wanasema sayansi ilimshinda.

Sisi hatuamini kwamba ilimshinda. Tunaona alikosa wa kumuuliza.

Na hasara si yake peke yake. Sote tukipata ujauzito tunaomba mkunga awe mwanamke, na ikibidi kupasuliwa tunaomba daktari awe mwanamke. Tuna haki ya kuomba, stara ni jambo la dini yetu. Lakini anayetaka kusomea uuguzi na ukunga nchini mwetu hutakiwa awe amefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia katika mtihani wa kidato cha nne. Mkunga tutakayemtaka miaka kumi na tano ijayo ndiye huyu tuliyemtuma kutwanga thomu. Thomu ataitwanga, lakini amalize kwanza swali lake.

Wengi wetu tunaogopa Kiingereza kuliko somo lenyewe. Swali limeandikwa kwa Kiingereza, mtoto anafikiri kwa Kiswahili, na katikati hapo ndipo anapozama. Huhitaji kujua jibu ili umsaidie. Mwambie alisome kwa sauti, kisha akueleze kwa Kiswahili: nimepewa nini, natafutwa nini? Mara nyingi akimaliza kukueleza wewe usiyejua, nusu ya swali ishajibika.

Na mifano tunayo tele. Chukua kanieneo, au presha kama wanavyosema wengi. Kanuni yake ni nguvu kugawa kwa eneo. Tumchukue bibi harusi wa kilo 60. Kilo hizo ndizo masi yake. Uzito katika Fizikia hupimwa kwa nyutoni, na skuli huzidisha kwa 10, basi ni nyutoni 600. Akisimama kwa kisigino kimoja chembamba chenye sentimita mraba moja, yaani mita mraba 0.0001, kanieneo ni 600 kugawa kwa 0.0001, paskali 6,000,000. Sasa mvue viatu hivyo, mvishe makubadhi ambayo soli yake inagusa chini sentimita mraba 150, asimame kwa mguu mmoja vilevile: paskali 40,000 tu. Tofauti ni mara 150. Ndiyo maana kwenye harusi za ufukweni kisigino kinazama mchangani, na bibi harusi anapigwa picha ameshikwa mikono na watu wawili. Mwambie mtoto mfano huo, uone kama atausahau chumba cha mtihani.

Kemia nayo imo kwenye mikono yetu, tena wazi. Majani ya hina yana rangi iitwayo losoni. Ukiikanda hina kwa ndimu, asidi ya ndimu husaidia rangi ile itoke majanini polepole, kisha hushikana na protini ya ngozi, ndiyo maana hairuki kwa maji. Hina safi huanza na rangi ya machungwa ikaiva kuwa kahawia nyekundu. Haiwi nyeusi tititi. Kile cheusi tunachokiita piko mara nyingi ni rangi ya nywele, na ndani yake huwamo kemikali ambayo kwenye paketi huandikwa PPD. Ngozi za baadhi ya watu huikataa: hutoka malengelenge, hubaki makovu, na mwili ukishaizoea kuikataa huweza kuendelea kuikataa maisha yote. Na zile krimu za kujing'arisha kabla ya harusi, na mikorogo ya chupa zisizo na jina? Baadhi yake hukutwa na zebaki, ambayo huharibu figo. Alama ya zebaki ni Hg, na mtoto wa kidato cha pili ameikuta kwenye jedwali la elementi. Angesomewa maandishi ya kopo na mdogo wake huyo, mabibi harusi wangapi wangenusurika! Tunawapaka wenyewe halafu tunasema Kemia haina kazi nyumbani.

Liko jambo la twisheni. Wazazi wengi hawataki binti aende twisheni ya usiku, akafundishwe na kijana faraghani, na sisi tuko nao katika hilo. Ila ukishamkataza, una deni. Huwezi kumfungia mlango ule na huu wa nyumbani nao ukaufunga, kisha matokeo yakitoka ukamlaumu. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza ili waifahamu dini yao. Binti anayekuja na swali mkononi amefanya la kusifiwa. Hata kama umechoka, mpokee vizuri.

Kumsaidia hakuna maana ya kumwandikia majibu, wala kumpa simu ayanakili kutoka huko. Mwalimu atatia alama ya vyema na mtoto atabaki pale pale.

Na wewe bibi harusi mpya, uliyesoma sayansi, ukiolewa katika nyumba yenye wifi wa kidato cha pili, hapo una mlango wa mapenzi ambao hata kungwi wako hakukuambia. Wifi uliyemfundisha kusawazisha mlinganyo wa kemia hatakusema vibaya jikoni. Na kama ni wewe mwenyewe ambaye bado unasoma na posa imekuja, habari ya masomo izungumzwe na walii wako kabla ya nikaha, kwa uwazi, mbele ya wazee. Tumeona ahadi za fungate zinavyoyeyuka.

Kila mtaa wetu yupo muuguzi, au mfamasia, au mwalimu wa kike aliyestaafu. Jumamosi baada ya Alasiri, ukumbini kwa mmoja wetu, mkeka, ubao mdogo na watoto watano au sita na madaftari yao, mpaka Maghribi inakaribia. Malipo ya mwalimu tuchange kama tunavyochanga sare za harusi. Chai na vitumbua tutaleta sisi.