Ramani za kale za Kisii zipelekwe vijijini

Sisi watu wa pwani tukitajiwa Kisii hukumbuka ndizi, na yale mawe laini ya Tabaka yachongwayo vinyago. Wachache wajua kwamba nchi ile ya vilima ilichorwa katika ramani kubwa, sentimita mbili kwa kila kilomita, kwa picha zilizopigwa kutoka ndegeni. Waliofanya kazi hiyo ni idara ya upimaji ya Waingereza iliyoundwa mwaka 1946, pamoja na wapimaji wa Kenya. Ramani hizo ni hazina, na si haki zikae Nairobi tu.

Tazama maji. Ramani zilizochapwa kabla ya Nyamira kumegwa kutoka Kisii zaonyesha vijito na vinamasi vya mabondeni jinsi vilivyokuwa. Kwa sensa ya 2019, Kisii ina watu zaidi ya 900 katika kila kilomita ya mraba. Mashamba hushuka kwa vipande vyembamba kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, na kila baba akiwagawia wanawe, vipande huzidi kukonda. Vinamasi vimelimwa, vimechimbwa udongo wa matofali, vimepandwa mikaratusi isiyoshiba maji. Kijana wa leo atajuaje palikuwa na chemchemi, asipoonyeshwa?

Na majina je? Mto mkubwa wa huko wenyewe huuita Gucha. Ramani nyingi zimeandika Kuja, kama wasemavyo Wajaluo walio chini, kuelekea ziwani. Hata hilo la Kisii, wenyewe hujiita Abagusii. Mpimaji huandika alivyosikia, na likishachapwa ndilo la serikali.

Lakini ramani hiyo si hati. Haionyeshi mpaka wa shamba la mtu, na mwenye ugomvi na nduguye asiipeleke kortini akidhani itamwokoa. Habari ya makaratasi ya ardhi twaijua sana huku kwetu: kwa sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, ardhi isiyodaiwa mbele ya msajili ilihesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni, hata kama watu walikuwa wakiishi juu yake.

Basi serikali za kaunti za Kisii na Nyamira zinunue nakala, ziwekwe katika maktaba na shule. Wazee wakae na wanafunzi, waandike kando ya kila kijito jina lake la Kigusii. Kazi hiyo ianze sasa, maadamu wanaoyakumbuka majina hayo wangali hai.