Moyo Hausubiri Mashua

Amitriptilini ni dawa njema. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 imewafaa watu wengi wenye ugonjwa wa sonona, na siku hizi hutolewa pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu. Lakini ikimezwa kupita kiasi, na mtoto aliyeidhania peremende au na mtu mzima aliyelemewa na dhiki, hugeuka kuwa adui wa moyo.

Moyo huendeshwa kwa umeme mdogo, nao umeme huo hutegemea sodiamu kuingia katika chembe zake. Dawa iliyozidi huziba njia hiyo. Mapigo huenda mrama, shinikizo la damu hushuka, na degedege huweza kufuata. Kwa kawaida hatari hujitokeza katika muda wa saa 6 za mwanzo.

Tiba yake inajulikana, wala si ya anasa. Ni bikaboneti ya sodiamu, ambayo tabibu humdunga mgonjwa mshipani huku akiutazama moyo kwa mashine ya kupima umeme wake. Magadi ya jikoni hayawezi kushika nafasi yake.

Hapa ndipo tunapopenda kutoa rai kwa wahusika. Mgonjwa wa Kojani au Tumbatu hana budi kuvuka maji ili kuifikia hospitali kubwa. Bahari ikichafuka, saa hizo 6 zaweza kumalizikia pwani. Kwa hiyo, kila kituo cha visiwani kinachotoa amitriptilini kiwe pia na bikaboneti, mashine ya kupimia moyo, na mhudumu aliyefunzwa kuvitumia. Kutoa dawa bila ya kuweka tiba ya madhara yake ni kupeleka chombo baharini bila ya nanga.

Wananchi nao wana wajibu. Dawa zifungiwe mbali na watoto. Aliyemeza kupita kiasi apelekwe kituoni mara moja pamoja na pakiti ya dawa, hata akionekana mzima. Wala asitapishwe, kwani huweza kuzimia ghafla. Na yule aliyefikishwa hapo na majonzi apokewe kwa huruma, si kwa kukemewa. Moyo wake ukishaokolewa, nafsi yake nayo yahitaji kuuguzwa.

Fedha inayotakiwa si nyingi. Linalotakiwa ni uamuzi, nao uje kabla ya msiba.