Mkaa Ulioanguka Ivuna

Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mtu wa Bagamoyo, au wa Kaole, au wa Mlingotini, bila shaka umepata kuona kimondo. Wavuvi wanaokesha baharini usiku usio na mwezi huviona vingi: mstari wa mwanga, mara umekwisha. Wazee wa pwani husema ni kijinga cha moto alichopigwa nacho shetani. Mimi sitaki kuwacheka wazee, kwa maana vimondo vingi huungua vikaisha huko huko juu, lakini mara chache sana kitu hufika chini, na mara chache zaidi kitu hicho hufanana kweli na kijinga kilichozimika: cheusi, laini, na ndani yake mna mkaa.

Jiwe la namna hiyo lilianguka katika nchi yetu tarehe 16 Desemba 1938, saa kumi na moja na nusu jioni, karibu na Ivuna, upande wa Ziwa Rukwa, katika mkoa ambao leo waitwa Songwe. Kilichopatikana kilikuwa gramu zipatazo 705, yaani hakitimizi hata kilo moja ya dukani. Katika mkoa huo huo kuna Kimondo cha Mbozi, pande la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani kumi, ambalo watu husafiri kwenda kulitazama. La Ivuna halina wa kulitazama huko, lakini ukiwauliza mabingwa wa elimu ya mawe ya angani, wengi watakuambia kwamba hilo dogo ndilo lenye mambo makubwa.

Kwa nini? Hebu kwanza tuutazame mkaa wenyewe. Mkaa uliomo katika magunia yaendayo Dar es Salaam, masizi yaliyoganda chini ya sufuria ya mama, kinywe kinachochimbwa Mahenge, na almasi ya Mwadui, vyote asili yake ni kitu kimoja, nacho chaitwa kaboni. Hata ile kalamu ya risasi ya mtoto wako shuleni haina risasi hata chembe. Ni kinywe kilichochanganywa na udongo. Tofauti ni mpango tu. Katika kinywe, chembe za kaboni zimekaa tabaka juu ya tabaka kama mikeka iliyorundikwa, tena mikeka hiyo huteleza. Ndiyo maana kalamu huacha alama kwenye karatasi. Katika almasi kila chembe imeshikwa na wenzake pande zote, kama kamba za jarife lililofungwa mafundo barabara, na hakuna kinachoteleza.

Basi katika jiwe la Ivuna kaboni ni kama sehemu tatu na kidogo katika kila mia. Si nyingi, lakini imo kwa sura nyingi. Sehemu kubwa ni kitu cheusi kama lami na mkaa pamoja. Nyingine imefungwa katika madini ya jamii ya chokaa. Tena mawe ya aina hii yana almasi. Usikimbilie jembe, ndugu yangu! Almasi hizo ni ndogo hata ungepanga laki tatu kwa mstari mmoja, mstari usingetimiza milimita moja. Ziligunduliwa ndani ya mawe ya angani mwaka 1987 na wataalamu wa Chicago. Pamoja nazo zimo punje za kinywe zilizotoka katika nyota nyingine, nyota zilizokufa kabla jua letu halijawaka. Jiwe lenyewe lina umri wa miaka zaidi ya milioni elfu nne na mia tano, na mchanganyiko wake, ukiondoa hewa nyepesi, walingana na ule wa jua.

Mawe ya aina hiyo yaliyoonekana yakianguka ni matano tu duniani: mawili Ufaransa, mwaka 1806 na 1864, moja India mwaka 1911, la kwetu, na moja Kanada mwaka 1965. Kundi lote limepewa jina la Ivuna. Mwaka 2020 chombo cha Wajapani kilileta duniani gramu tano na kidogo za mchanga kutoka jiwe la angani liitwalo Ryugu. Walipoupima, mwaka 2022 waliandika kwamba mchanga ule ni wa aina ya Ivuna. Wajapani walituma chombo kikasafiri miaka sita kwenda na kurudi, wakapata kiasi cha kijiko cha chai. Sisi tuliangushiwa.

Lakini yako mambo yaliyoharibika, nayo yatupasa kuyajua. Mwaka 1961 wataalamu wawili, Claus na Nagy, walitangaza kwamba ndani ya jiwe la Ivuna na lile la Ufaransa la 1864 wameona vitu kama viumbe vidogo. Dunia ikashtuka: ati kuna uhai huko juu? Wenzao wakachungulia tena, wakaona kwamba baadhi ya vitu hivyo ni chavua, ule unga wa maua ya hapa hapa duniani, na vingine ni punje za madini tu. Jiwe lilikuwa limeingiwa na uchafu wetu. Baadaye, mwaka 2001, vilipatikana ndani ya Ivuna baadhi ya vitu ambavyo miili hujengea nyama, na hivyo vilitoka angani kweli. Lakini hivyo ni matofali, si nyumba, wala havisemi kwamba kulikuwa na mtu wala mdudu.

Kwa hiyo, jiwe likianguka shambani kwako, usilioshe. Usilivunje kutazama ndani, wala usiliguse kwa sumaku, kwa kuwa sumaku hufuta alama zilizomo. Halichomi, kwa kawaida limekwisha poa. Liokote kwa karatasi safi, liweke pakavu, andika siku, saa na mahali, kisha umwarifu mwenyekiti wa kijiji ili habari ifike Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma. Jiwe la kweli huwa na ngozi nyembamba nyeusi kama iliyoungua. Likiwa na matundu-matundu kama sifongo, yaelekea ni mavi ya chuma. Na ule mchanga mweusi mzito uonekanao mahali mahali katika fukwe zetu hadi Pangani ni madini ya nchi hii hii. Asikuuzie mtu kwamba ni wa kimondo.

Kipande kimoja cha Ivuna, gramu zipatazo 200, kilinunuliwa mwaka 2008 na makumbusho ya London. Hutunzwa mbali na maji, kwa kuwa mawe ya aina hiyo hulainika kama udongo mfinyanzi. Lililoachwa shambani Desemba, mvua chache zingelimaliza.