DAMU NA MALEZI KATIKA HADITHI YA JON SNOW

Ni machache katika hadithi za ajabu za zama hizi maswali yaliyojadiliwa kwa bidii kama hili: ni nani aliyemzaa Jon Snow? Kijana huyu alitokea mara ya kwanza mwaka 1996, katika riwaya ya Mmarekani George R. R. Martin iitwayo A Game of Thrones, iliyo ya kwanza katika mfululizo wa A Song of Ice and Fire. Msomaji huambiwa kuwa yeye ni mwana wa nje ya ndoa wa Eddard Stark, bwana wa Winterfell. Na jina lake la pili ni lile wapewalo katika nchi ya Kaskazini watoto wa wakubwa waliozaliwa pasipo ndoa. Mama yake hajulikani, na Eddard hataki kuulizwa. Kimya hicho kiliwaamsha wasomaji, na kabla ya karne ya ishirini kwisha walikuwa wamekwisha kutoa jawabu: ya kuwa Jon si mwana wa Eddard, bali ni mpwa wake, mwana wa dada yake Lyanna, na baba yake ni Rhaegar Targaryen, mrithi wa ufalme, aliyeuawa vitani na Robert Baratheon.

Wenye kauli hii hawakuota. Walisoma kwa makini ambayo yangewafaa wanafunzi wengi wa vyuo. Waliona ya kuwa Lyanna alipokuwa akifa alimtaka ndugu yake ahadi, na kwamba ahadi hiyo humrudia Eddard mara kwa mara bila ya kuelezwa. Walisikia chumba alimokufa kikinuka damu na mawaridi, wakakumbuka ya kuwa damu ya kitandani aghalabu ni damu ya uzazi. Walimwona Rhaegar, katika mashindano ya Harrenhal, akimpita mkewe Elia na kumtunuku Lyanna taji la mawaridi ya buluu. Waliwaona walinzi watatu wa mfalme, mashujaa wa kuhesabiwa, wakifa mbele ya mnara mmoja wa mbali, ilhali mfalme wao na mrithi wake walikwisha kufa kwingine. Wakauliza, Walikuwa wakimlinda nani? Tena katika riwaya ya pili, ya mwaka 1998, Daenerys Targaryen anaoneshwa ua la buluu limeota katika ufa wa ukuta wa barafu, na Jon wakati huo ni mmoja wa walinzi wa Ukuta wa barafu. Dalili hizi zikikusanywa ni hoja, wala si uvumi.

David Benioff na D. B. Weiss, walioigeuza kazi hii kuwa mchezo wa televisheni, wameeleza ya kuwa kabla ya kukubaliwa waliulizwa na Martin ni nani mama yake Jon, nao wakajibu kwa kukisia. Mchezo wao uliithibitisha nasaba hiyo mwaka 2016, ukaongeza mwaka 2017 kwamba Rhaegar na Lyanna walifungishwa ndoa kwa siri. Katika riwaya tano zilizotolewa kati ya mwaka 1996 na 2011 neno lenyewe halikupata kusemwa wazi.

Kwa ukali wa macho, basi, wasomaji hawa wastahili sifa. Lawama yao ni nyingine. Walipokwisha kumpata baba, wengi wao walianza kumsoma mwana upya. Ujasiri wake ukawa ujasiri wa watu wa majoka. Kuchaguliwa kwake kuwa mkuu wa Walinzi wa Usiku kukawa dalili ya ufalme ujao. Kila tendo jema alilolitenda liliondolewa mikononi mwake likapelekwa kwa maiti ambaye hakupata kumtia machoni. Mtoto aliyekaa mbali na meza ya wakubwa, akajifunza, akavumilia, akaaminiwa na wenziwe, aliambiwa kuwa haya yote si yake: ni ya damu. Dhana hii ni ya zamani sana, nayo ni mbaya. Ni dhana ya kuwa wema hauwezi kuota katika nyumba ya mnyonge, na ukionekana humo lazima pawe na mfalme aliyejificha nyuma ya mlango.

Vitabu vyenyewe vinaipinga dhana hii kwa ushahidi. Mwanzoni kabisa mwa riwaya ya kwanza Eddard anamwua mtoro wa Walinzi wa Usiku kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wanawe, kwa kuwa aliamini ya kwamba atoaye hukumu hana haki ya kumtuma mwingine kuitekeleza. Jon yupo pale, akimwonya mdogo wake Bran asigeuze macho. Katika riwaya ya tano, ya mwaka 2011, Jon ndiye mkuu, na Janos Slynt amekataa amri yake mbele ya watu. Kwanza Jon anaamuru anyongwe. Kisha anabadili, anaagiza gogo, anauchukua upanga na kumkata kichwa yeye mwenyewe. Somo hili amelipata wapi? Rhaegar hakumfundisha. Aerys, babu yake kwa damu, alikuwa mfalme aliyewachoma watu kwa moto na kuwatazama wakiungua. Mkono uliokata siku ile ulikuwa mkono wa mwanafunzi wa Eddard Stark.

Na ikiwa damu ya Targaryen hutoa wafalme wema, msomaji na amtazame Viserys. Huyu ni mwana halali wa mfalme, hapana anayebisha nasaba yake. Naye alimtoa dada yake kwa Khal Drogo ili apate jeshi, akafa kwa taji la dhahabu iliyoyeyushwa, wala hakuacha tendo moja la kukumbukwa kwa heri. Msomaji na amtazame tena yule kijana anayetokea katika riwaya ya tano, aitwaye na wafuasi wake Aegon, mwana wa Rhaegar na Elia. Varys anamsifu kwa malezi: kwamba amejifunza kuvua, kushona, kufua nguo zake, na kujua njaa, na ya kuwa amefunzwa kwamba ufalme ni wajibu. Yapasa kila mwanafunzi wa fasihi aulize: Je, malezi haya yatafaa nchi? Mengi ya mabishano yamekwenda kwingine: je, ni Aegon wa kweli au wa uongo? Swali la cheti limelifukuza swali la utu.

Hadithi ya mtoto aliyefichwa ni kongwe kuliko Martin. Katika kitabu cha Thomas Malory, kilichopigwa chapa mwaka 1485, Arthur analelewa nyumbani mwa Sir Ector pasipo kujua kuwa ni mwana wa mfalme Uther, mpaka alipouchomoa upanga. Huko damu na taji hukutana, na msomaji hulala usingizi mwema. Lakini mapokeo haya yana mkondo wa pili. Oedipus wa Sophocles aliitafuta nasaba yake kwa bidii zote, akaipata, na kuipata kwake kukawa maangamizi yake. Na Tom Jones wa Henry Fielding, mwaka 1749, aligunduliwa kuwa mpwa wa tajiri aliyemlea, walakini bado ni mtoto wa nje ya ndoa. Akapewa urithi na Allworthy, aliyekwisha kuuona moyo wake. Wasomaji wa Jon Snow wamemtilia nguo za Arthur peke yake, kana kwamba hapana mfano mwingine duniani.

Patasemwa: kama nasaba haina kazi, kwa nini mwandishi ameificha kwa ustadi mkubwa hivi? Jawabu ni kuwa ina kazi kubwa, lakini kazi yake ni kumfunua Eddard. Yeye alisifiwa katika nchi nzima kwa uaminifu. Alipokwenda vitani alikuwa amekwisha kumwoa Catelyn. Akarudi na mtoto mchanga, akakubali kuitwa mzinzi na mkewe, na rafiki zake, na watumishi wake. Wakati huo watoto wa Rhaegar kwa Elia walikuwa wamekwisha kuuawa kikatili, na Robert alizitazama maiti zao bila ya majuto. Mtoto wa tatu angejulikana, asingeishi. Basi mtu aliyependa kweli kuliko vyote alisema uongo kwa miaka 14 na zaidi ili roho moja isalimike, akafa na kinywa chake kimefungwa. Wala uongo huo haukuwa bure: Catelyn aliumia, na Jon alikua akiionea haya kuzaliwa kwake. Hapa ndipo penye utajiri wa siri hii, katika thamani ya wema na deni lake. Na hapa ndipo wanaohesabu marithi wanapopita mbio. Waswahili wamesema zamani kuwa kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Rhaegar alizaa. Eddard alilea.

Mchezo wa televisheni ulipofikia mwisho mwaka 2019 palizuka manung'uniko. Jon aliambiwa asili yake. Habari ikavuja kwa ndugu, kutoka kwa ndugu ikafika kwa washauri. Varys akachomwa moto kwa ajili yake, na Daenerys akaingiwa na shaka isiyomwacha. Mwishoni Jon alimwua Daenerys, joka likakiyeyusha kiti cha enzi, Bran akachaguliwa na wakuu kuwa mfalme, na mrithi halali akarudishwa kwa Walinzi wa Usiku. Watu wakalia kuwa siri ya miaka mingi imepotea bure. Mchezo ule una makosa yake, na haraka ndiyo kubwa. Lakini kilio hiki kinawafichua waliao. Walikuwa wameiweka damu kama mtu awekavyo fedha, wakangoja faida. Hati ya ndoa ilipatikana, na haikumwongezea Jon akili, wala huruma, wala nguvu ya mkono. Ilimwongezea adui. Varys mwenyewe katika riwaya anafundisha kwa fumbo kwamba enzi hukaa pale watu wanapoamini kuwa inakaa. Nasaba nayo ni hivyo: haina nguvu isipokuwa ile inayokopeshwa na waiaminio.

Liko na dhara la pili, nalo lahusu usomaji wenyewe. Riwaya inapofanywa kitendawili, hufa siku inapoteguliwa. Martin amesema zaidi ya mara moja kuwa hatabadili njia kwa sababu wasomaji wameikisia, maana kufanya hivyo kungezifanya dalili alizozipanda kuwa uongo. Amesema kweli. Kazi isiyostahimili kukisiwa haikuwa na kitu ila kifuniko. Aliyejua tangu zamani mama wa Jon ni nani bado ana mengi ya kusoma: namna Eddard anavyonyamaza, namna Catelyn anavyochukia, namna Jon anavyoapa kuacha mke na ardhi na taji, kisha akachomwa visu na ndugu zake wa kiapo kwa kuwafungulia maadui wa jana lango la Ukuta.

Wanafunzi wa fasihi wasifundishwe kudharau dalili. Wafundishwe kuuliza swali la pili. Swali la kwanza, Huyu ni mwana wa nani? lina jawabu, na jawabu lake huandikwa kwa herufi chache. Swali la pili ni, Nani alimfanya kuwa alivyo, naye amefanya nini kwa alichopewa? Hilo halina jawabu fupi, na kwa ajili yake riwaya huandikwa. Msomaji anayeacha la pili kwa kulipenda la kwanza amemtendea Jon Snow kama walivyomtendea wale waliomweka mbali na meza: amemtazama mtu, akaona ukoo.